Hesabu Inayofunga kwenye Ishirini na Nne

Kwa miaka ishirini na saba Ngendakumana aliishi kwa kuhesabu. Alisimama bandarini Kalundu, mjini Uvira, kati ya boti na malori, daftari mkononi, na hakuna mbebaji aliyepita mbele yake na gunia kichwani asiyeingia katika hesabu yake. Kazi hiyo huku inaitwa pointeur. Kwa mtu ambaye hajaijaribu inaonekana rahisi. Wabebaji arobaini wanapishana kwenye ubao mmoja, huyu anapanda mtupu, yule anashuka na kilo hamsini, mwenye mzigo anakupigia kelele sikioni, dereva anataka kuondoka, mvua inakuja kutoka ng'ambo ya ziwa, nawe namba haitakiwi ikuponyoke. Ngendakumana haikumponyoka. Gunia likishuka botini aliongeza moja. Likipanda lorini alipunguza moja. Na kazi ikiisha, boti tupu na mchanga mtupu, hesabu yake ilikuwa sifuri kamili.

"Hesabu isiyofunga kwenye sifuri," alipenda kuwaambia wenzake, "iko na mwizi ndani."

Alikuwa na majivuno juu ya jambo hilo, na watu walimsamehe kwa kuwa alikuwa na haki nayo.

Siku aliyoanguka ilikuwa asubuhi ya jua kali, boti imeleta saruji. Alikuwa amepita mia mbili. Mbebaji mmoja akapita, Ngendakumana akaweka alama; mwingine akapita, naye akaitafuta namba inayofuata akaikosa, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakuta kidato hakipo. Akasimama mdomo wazi. Kalamu ikamtoka. Wabebaji walewale aliokuwa akiwahesabu ndio waliomlaza juu ya mkokoteni, wakamsukuma mbio hadi hospitalini.

Alikaa huko wiki sita. Kiharusi, walisema. Maneno yalimrudia polepole, kwanza ya Kirundi aliyozaliwa nayo kule Kiringye, kisha Kiswahili. Mguu na mkono wa kuume vilibaki vizito, akapewa fimbo. Lakini namba hazikurudi. Daktari akimwonyesha vidole vitatu alisema vitatu. Akimwuliza nane na sita ni ngapi, alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mgeni asiyemjua.

Nyumbani Kavimvira wakaanza kumfanya mtoto. Jirani akiingia alisema, "Mupeni kiti," wakati kiti alikuwa amekwisha kukikalia. Mkewe, Generose, mwuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, alimwekea chakula, akamwekea dawa, akamkatia nyama. Siku moja watoto wao wote wanne walikuja kumwona, hata Irakoze, binti wa kwanza aliyeolewa Luberizi. Walipoketi mezani Ngendakumana akataka kuhakikisha kama wote wapo. Akawapitia kwa macho, akapotea, akaanza tena, akapotea tena. Akainama akala kimya. Tangu siku hiyo hakupenda tena kutoka nje.

Ndipo Eugène akaja.

Eugène na Ngendakumana walisoma darasa moja Kiringye, wakaogelea mto mmoja wakipigwa kwa kosa hilohilo. Baadaye Eugène alivuka mpaka, akafanya kazi miaka kumi na minane kwenye kazino moja ya Bujumbura, akigawa karata mezani: krupye, kwa jina la kazi. Kazino hiyo ilifungwa, naye akarudi Uvira na mashati meupe mawili na mfuko wa karata kuukuu. Kila karata ilikuwa imetobolewa tundu katikati, maana ndivyo kazino inavyoziua karata zilizochoka, zisirudi mezani kwa hila.

"Minye niko na kazi moja tu ninayoijua," alimwambia rafiki yake, "na weye uko na mguu ambao hautaki kwenda popote. Tuikale, tucheze."

Generose alisikia kutoka jikoni. "Karata ni za walevi, Eugène. Nyumba hii iko na picha ya Bikira Maria ukutani."

"Mama Irakoze, hatutacheza feza. Tutacheza maharagi."

"Maharagi yangu?"

"Tutayarudisha yote."

Mchezo ulikuwa ishirini na moja, ambao kwenye kazino wanauita blackjack. Unapewa karata mbili. Unajumlisha. Ukitaka unaomba nyingine, lakini ukivuka ishirini na moja umekufa. Picha zote, yaani mfalme, malkia na vale, ni kumi kumi; asi ni moja au kumi na moja, upendavyo. Anayegawa naye anajichukulia zake, na yeye hana uhuru: akiwa na kumi na sita lazima avute, akiwa na kumi na saba lazima asimame.

Karata za kwanza alizopewa Ngendakumana zilikuwa nane na sita. Akaziangalia. Eugène akangoja. Nje, mwanamke alipita akiuza mihogo, akaita mpaka sauti yake ikaisha mwisho wa njia, na Eugène bado alikuwa anangoja. Watu wote wa nyumba hiyo, kwa upendo, walikuwa wanamtajia mgonjwa majibu. Huyu hakumtajia.

"Kumi na... ine," alisema Ngendakumana mwishowe. Jasho lilikuwa limemtoka.

"Kumi na ine. Unavuta ama unasimama?"

"Ninavuta."

Akavuta mfalme, akafa. Wote wawili wakacheka, na Generose akatokeza kichwa kuona ni nani huyo anayecheka nyumbani kwake.

Basi Eugène akawa anakuja kila siku baada ya chakula cha mchana. Mwezi wa kwanza walicheza tu. Mwezi wa pili, Ngendakumana alipokuwa anajumlisha bila kutoka jasho, Eugène alimweleza siri ya biashara aliyoitumikia miaka kumi na minane.

"Sikiliza. Karata kubwa zikibaki nyingi, yule anayecheza iko na bahati kuliko yule anayegawa. Asi na picha zikikutana mkononi mwako unalipwa zaidi. Na mugawaji, sababu analazimishwa kuvuta, karata kubwa zinamuua. Karata ndogo zikibaki nyingi, yeye njo anafurahi. Sasa, mutu anayekumbuka zilizopita anajua zilizobaki. Ile inaitwa kuhesabu karata. Si wizi. Ni macho na kichwa. Lakini kazino haiipendi."

"Kukumbuka karata zote?" Ngendakumana alitikisa kichwa. "Minye sikumbuki nimekula nini."

"Hakuna anayekumbuka zote. Unabeba namba moja tu. Inapanda, inashuka, kama magunia yako."

Macho ya Ngendakumana yaliamka kidogo.

Eugène alikuwa anajua njia nyingi za kuhesabu, na kila moja ilikuwa na mchezo unaoifaa na kichwa kinachoifaa. Alianza na ndogo kuliko zote: tano ikipita ongeza moja, asi ikipita punguza moja, nyingine zote ziache zipite kama watu usiowajua. "Haina nguvu sana," alisema, "lakini ni mahali pa kuwekea mguu." Ngendakumana alikaa na hiyo wiki tatu. Mwanzoni alipoteza namba kila mara mtu alipobisha mlango. Kisha akawa anaibeba hata akiitikia salamu.

Ikafuata ile Eugène aliyoiita juu na chini. Mbili mpaka sita, ongeza moja. Saba, nane na tisa, kaa kimya. Kumi, picha na asi, punguza moja. Pakiti nzima ikiisha, karata hamsini na mbili, lazima uwe umerudi sifuri.

"Rudia hapo," alisema Ngendakumana.

"Ukiimaliza pakiti, umerudi sifuri."

Ngendakumana aliegemea kiti. Hiyo ilikuwa hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Ilikuwa boti tupu na mchanga mtupu. Akaomba pakiti, akaigeuza karata moja moja kwa mkono wa kushoto, midomo ikicheza. Akafika mwisho kwenye tatu. Akachanga, akarudia: akatoka na mbili pungufu. Alirudia siku hiyo, na kesho yake, na wiki hiyo yote, hata Generose akawa anasikia *fyap, fyap* ya karata mezani anapochambua ndagala zake uani, akitega sikio ajue itaishia kwa mguno au kwa kimya.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa Jumamosi. Eugène alichomoa karata moja bila kuionyesha, akaificha chini ya sahani, akasema, "Hesabu zilizobaki." Ngendakumana akazipitia zote.

"Niko na moja ya juu," alisema. "Basi ile uliyoificha inapunguza. Ni kubwa."

Generose, aliyekuwa amesimama mlangoni na kisu cha mboga, ndiye aliyekuja akainua sahani. Chini palikuwa na malkia.

Alimwangalia malkia, akamwangalia mume wake. "Namna gani umejua?"

"Nimehesabu," alisema Ngendakumana.

Generose akaketi. Akafunika uso kwa kitenge, akalia kidogo, akajipangusa. Kisha akamwambia Eugène, kwa ukali uliokuwa umekwisha kuyeyuka, kwamba kama anaficha karata tena atumie sahani nyingine, hiyo ni ya wageni.

Laiti mambo yangenyooka hivyo mpaka mwisho. Lakini pakiti moja ni mchezo wa nyumbani. Kwenye kazino meza nyingi zinatumia pakiti sita zilizochanganywa, karata mia tatu na kumi na mbili ndani ya kisanduku kimoja, na huko juu na chini inadai kitu kingine. Ukiwa na tano ya juu na pakiti tano bado zimebaki, tano hiyo ni kidogo sana, imetawanyika. Ukiwa na tano hiyohiyo na imebaki pakiti moja, ni nyingi. Kwa hiyo lazima uchukue namba yako uigawe kwa pakiti zilizobaki, kila mara, upesi, mchezo ukiendelea.

Na kugawa ndiko hasa kulikochukuliwa na kiharusi. Kujumlisha kulirudi, kupunguza kulirudi; kugawa kulikuwa kama chumba kilichoungua ndani ya nyumba. Eugène alisema, "Umefika kumi na mbili, zimebaki pakiti tatu." Ngendakumana alifungua mdomo, na kumi na mbili yenyewe ikamwagika. Walijaribu kwa maharagi, vifungu vitatu mezani. Kwa maharagi aliweza. Bila maharagi hakuweza. Siku ya kumi alizisukuma karata zote zikaanguka sakafuni.

"Acha. Ulikuwa unacheza na mutoto. Kichwa kimekufa, Eugène. Nenda kwako."

Eugène alienda. Wiki nzima hakuonekana, na Ngendakumana akarudia kulala mchana.

Generose ndiye aliyempeleka sokoni. Hakumwomba, alimwambia mguu unahitaji njia, na mizigo inahitaji mlinzi. Akaketi nyuma ya meza ya ndagala, fimbo magotini, akitazama wateja. Karibu na adhuhuri mwanamke mmoja kutoka ng'ambo alinunua mafungu mengi kwa haraka, akayatia kwenye kikapu huku akiongea bila kupumua, akataka kuondoka.

"Mama," alisema Ngendakumana, "ni kumi na tisa. Umesema kumi na saba."

Mwanamke akahesabu. Yalikuwa kumi na tisa. Aliomba radhi, alikuwa amechanganyikiwa na gari lake linaloondoka. Mwanamke alipoondoka Generose akapanga upya mafungu yaliyobaki. Kisha akasema, bila kumtazama mumewe, "Kichwa kilichokufa hakioni vile."

Jioni ile Ngendakumana alikwenda mwenyewe, kwa fimbo, mpaka kwa Eugène. Alimkuta anapiga pasi shati jeupe ambalo hakuwa na mahali pa kulivaa.

"Nilikuwa nangoja ukuje," alisema Eugène. "Kosa ni langu. Nilikuchagulia hesabu ya mutu mwingine. Iko njia moja ambayo haigawi kabisa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sababu ninakujua. Utaichukia."

Akaieleza. Ni kama juu na chini, ila saba nayo inaongezwa. Ndogo zinakuwa nyingi kuliko kubwa, na kwa hiyo namba inajisogeza yenyewe kwenda juu kadiri karata zinavyotoka. Kujisogeza huko ndiko kunakoshika nafasi ya kugawa. Kwa pakiti sita unaanza sifuri. Ukifika kumi na sita unajua upepo umegeuka upande wako, ongeza dau. Ni hivyo tu.

Ngendakumana alikuwa amekwisha kuona. "Basi mwisho hairudi sifuri."

"Hairudi."

"Hesabu isiyofunga." Alisema kama mtu aliyeletewa chakula kilichochacha. "Hakuna nyingine?"

"Iko ingine. Ine, tano na sita unazihesabu mbili mbili, picha nazo unapunguza mbili mbili. Ile iko na nguvu sana kwa pakiti moja, kama mutu iko na kichwa cha moto. Kwa sita itakuchosha kabla ya nusu, na tena inagawa. Ile ya juu na chini ni mzuri, lakini si yako sasa. Hesabu si bibi wa kufia, ndugu yangu. Unaangalia meza, unaangalia kichwa ulicho nacho leo, unachagua."

Ngendakumana aliegemea fimbo. Pasi ya makaa ilitoa moshi kidogo.

"Kila pakiti inazidi ngapi?" aliuliza.

"Ine."

Akakunja vidole vya mkono wa kushoto. Nne, nane, kumi na mbili. Alienda polepole, lakini alikwenda. Kumi na sita. Ishirini.

"Pakiti sita zikiisha zote," alisema, "lazima niwe kwenye makumi mbili na ine. Kila siku."

"Kila siku."

"Basi inafunga. Ila inafunga kwenye makumi mbili na ine." Akainua kichwa. "Ungeniambia hivyo tangu mwanzo, ningekutukana kidogo tu."

Miezi mitatu walifanya kazi kwa hiyo. Pakiti sita za matundu, zimepangwa ndani ya sanduku la sabuni. Wakati mwingine alitoka na ishirini na mbili, wakati mwingine ishirini na sita. Kufikia mwanzo wa kiangazi alikuwa anatoka na ishirini na nne mara nane katika kumi. Eugène alimwimbia, akamwuliza habari za mbuzi wa Irakoze, akadondosha kikombe makusudi. Namba ikakaa.

Hapo ndipo Ngendakumana alipotaka kuvuka mpaka, akacheze kwenye kazino nyingine ya Bujumbura iliyokuwa bado wazi.

"Ni kwa nini?" Generose aliuliza. "Unataka utajiri kwa uzee?"

"Hapana. Eugène anagawa polepole. Hajui, lakini ananihurumia mukononi. Minye nataka mutu asiyenijua. Asiyejua kama nilianguka." Alikuwa na pesa aliyopata kwa kuuza baiskeli yake, ambayo mguu haukuweza tena kuiendesha. "Ikiisha nasimama. Sitaongeza hata moja."

Generose aliwaza. Kisha akatoa shati la Ekaristi, lile la misa ya Jumapili, akashona kifungo kilichokuwa kimelegea, na huko ndiko kulikuwa kukubali kwake.

Walivuka mpaka asubuhi ya Jumatano, wakapita Gatumba ambako maji ya ziwa yalikuwa bado yamelala kando ya barabara, wakafika Bujumbura kabla ya saa nane. Eugène alibaki nje na chupa ya Fanta, maana uso wake unajulikana katika biashara hiyo. "Usiikale mbio mbio," alimwambia. "Kwanza angalia meza. Meza mubaya haishindwi na hesabu yoyote."

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine na wachezaji wachache. Ngendakumana alizunguka na fimbo yake kama mzee aliyepotea. Meza ya kwanza ilikuwa na mashine inayomeza karata zilizotumika na kuzichanganya humohumo bila kupumzika. Akaipita: hapo hakuna zilizopita wala zilizobaki. Ya pili, mgawaji alikuwa ameweka karata nyekundu ya plastiki katikati ya kisanduku. Nusu ikifika anachanga upya. Hesabu ingevunjwa kabla ya kuiva. Ya tatu, plastiki ilikuwa karibu na mwisho kabisa. Mgawaji alikuwa msichana mwepesi wa mikono, jina kifuani: Keza.

"Karibu, mzee."

Akaketi. Akabadilisha pesa yake kwa jetoni, vidonge vya plastiki vya kuchezea, akaweka dau dogo kuliko yote.

Karata zilitoka kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona. Za kwanza zilimpita. Aliona rangi tu. Akashika ukingo wa meza. Kisha akaacha kuzitazama moja moja, akazitazama kama alivyowatazama wabebaji kwenye ubao, wawili wawili, mpandaji na mshukaji, wanaofutana. Tano na mfalme: kimya. Mbili na sita: mbili. Asi na saba: kimya. Namba ikajitokeza, ikakaa mahali pake. Tatu. Sita. Tisa. Mtu wa pembeni akamwuliza saa. Akajibu. Kumi na moja. Kumi na nne.

Kumi na sita.

Akasukuma jetoni tano badala ya moja. Akapata kumi na tisa. Keza akapata ishirini. Zikaenda. Ngendakumana akahisi shingo inapata moto, lakini namba ilikuwa kumi na saba, na namba ndiyo bosi. Akaweka tano tena. Akapata asi na vale.

"Blackjack," alisema Keza, akamlipa.

Kisanduku cha pili namba haikupanda kabisa, akapoteza kidogo kidogo kwa uvumilivu. Cha tatu ilifika kumi na tisa, ikakaa huko muda mrefu, na rundo mbele yake likakua hata akaogopa kulitazama. Ndipo mwanamume mwenye tai akaja akasimama kando ya kiti chake, akainama kwa heshima.

"Mzee, samahani. Mimi ni msimamizi wa meza. Tunakuomba usicheze tena mchezo huu hapa kwetu. Pesa yako ni halali, utalipwa yote. Mashine zile na michezo mingine, karibu sana."

"Nimekosa nini?"

"Unahesabu karata."

Ngendakumana alishika fimbo. "Sema tena."

"Mzee, sitaki kukuaibisha..."

"Hapana, baba, tafadhali. Sema tena."

"Unahesabu karata," alisema msimamizi, sasa kwa wasiwasi. "Nimesimama pale nyuma, nami nilikuwa nahesabu. Dau lako linapanda kila ninapofika mahali pa kupanda."

"Na nilikosea wapi?"

Msimamizi alimtazama vizuri, akaona mkono uliokunjamana, akaona mguu. "Hukukosea," alisema. "Ndiyo shida yenyewe."

Ngendakumana alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akampa msimamizi mkono wa kushoto, akampa Keza jetoni mbili. "Watoto wangu ni wanne," alimwambia msimamizi, "na mwaka jana sikuweza kuwahesabu mezani. Mungu akubariki. Umenifukuza vizuri." Mwanamume yule alimsindikiza mpaka mlangoni, akamshika kiwiko kwenye ngazi, na hakuna mtu aliyefukuzwa kazino siku hiyo kwa adabu kama ile.

Nje, Eugène alisimama upesi alipoyaona machozi. "Umeliwa yote?"

"Wamenifukuza!"

Eugène akapiga makofi barabarani kama mwendawazimu.

Generose naye alipoambiwa alishika kinywa, kisha akataka asimuliwe tangu mwanzo, na alipofika mahali pa "hukukosea" akamfanya arudie. Jumapili alimsimulia mwenzake wa Legio ya Maria kanisani, ila aliita kazino "ofisi moja ya Bujumbura."

Ngendakumana hakurudi tena kwenye meza hizo, wala hakutamani. Alichotaka alikuwa amekipata. Wiki iliyofuata alivaa shati lilelile akaenda kwa Mama Kadija, mfanyabiashara wa mchele, ambaye babu zake walifika ziwani na misafara na ambaye bohari lake liko Kavimvira, karibu na forodha. Mama Kadija alimfahamu tangu siku za Kalundu.

"Nasikia umepona, Baba Irakoze."

"Sijapona yote, Mama. Kuongeza na kupunguza, ninaweza kuliko mutu yeyote hapa. Kugawa siwezi. Sitakudanganya."

Mama Kadija alifikiri, ushungi wake ukicheza kwa upepo wa mlangoni. "Kugawa tutamwachia Furaha na mashine yake," alisema. Furaha ni binti yake anayeandika mauzo. "Weye simama mlangoni. Nusu siku, mpaka tuone mguu unasema nini."

Lori la kwanza lilitoka Luberizi, magunia ya mpunga mpya, vumbi bado la mashambani. Ngendakumana alisimama, fimbo kwapani, daftari mkono wa kushoto. Wabebaji walianza kupita. Walipomaliza alisema themanini na tatu. Dereva, Ushindi kwa jina, akasema hapana, themanini na nne. Zamani Ngendakumana angemwuliza ni lini alisomea kazi hiyo. Safari hii aliwaomba wabebaji wapumzike, akaingia ndani, akalizunguka rundo lote polepole akiligusa kwa fimbo, safu kwa safu.

"Themanini na ine," alisema alipotoka. "Lile la pembeni lilinipita nilipokuwa napiga chafya. Haki yako, kaka."

Akaandika. Ushindi akatia sahihi, akampa sigara, naye akaikataa kwa sababu ya daktari. Alimweleza Generose mchana ule akiwa bado anavua viatu: kazi imeanza, wamemwambia kesho saa mbili, na amekosea gunia moja.

"Moja tu?" alisema Generose, akaenda kusonga ugali.